Kilo Nane Zilizookotwa Korogwe

Kijiwe chenyewe ni mbao mbili zilizopigiliwa juu ya magogo, zimeegemea ukuta wa ghala la mahindi pale Sindeni, ukingoni mwa barabara ya Korogwe kwenda Handeni. Wenyewe wamekibatiza jina la Kambini, kwa sababu wawili kati ya wakaaji wake waliwahi kukaa kambi ya kweli ya mpira, enzi hizo timu ya shamba la mkonge ilipokuwa timu na mkonge ulipokuwa mkonge. Kahawa ya Chausiku inachemka kuanzia alfajiri, kashata zimefunikwa kitambaa, na birika la kwanza la kila siku hulipiwa na Mathias, mwenye ghala, mnunuzi wa mahindi, golikipa wa zamani, ambaye mpaka leo anaitwa Glovu na watoto ambao hawajawahi kuziona hizo glovu. Ukinywa kahawa ya Mathias unakaa upande wa Mathias. Hakuna aliyewahi kulisema hilo. Lilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba nafasi ya karibu na jiko ni ya Isihaka.

Asubuhi hiyo Deogratius alishuka kwenye kosta ya kutoka Korogwe kabla haijasimama vizuri, akatembea kwa hasira mpaka kwenye benchi, akaketi. Ubao ulilia. Akauangalia ubao kwa jicho baya.

— Winga, mbona mapema? aliuliza Isihaka, fundi wa kuziba pancha, ambaye kwa sababu ya kuongea bila kuzimwa anaitwa Redio. Hospitali wamekufukuza?

— Nimejifukuza mwenyewe. Pale hakuna hospitali. Pale pana mzani mbovu na binti mmoja anauamini.

— Mzani umefanyaje?

— Eti nina kilo tisini na tatu.

Benchi zima lilimgeukia. Kila mmoja pale alijua kwamba Deogratius ana kilo themanini na tano. Walishangilia siku alipozifikia.

Deogratius alikuwa winga wa kushoto, na si winga wa kusimuliwa tu. Watu walikuwa wanatoka Handeni na baiskeli kuja kumwona anavyoukimbiza mstari. Alipoacha mpira, mwili haukupewa taarifa. Aliendelea kula ugali wa kambini, sahani ya mlima na mchuzi juu, wakati kazi ya kambini ilikwishakoma. Sasa anakaribia miaka hamsini, ana duka la vifaa vya baiskeli, na kutoka nyumbani mpaka dukani anapumzika njiani akijifanya anapokea simu. Mwanzoni mwa mwaka yule daktari binti wa Korogwe, Upendo, alimwambia apunguze mwili, presha inanyemelea. Naye akaingia barabarani. Kila alfajiri alionekana anakimbia na fulana yake ya zamani iliyogoma kufika kiunoni, na kila Jumamosi, kabla wakulima hawajafika, aliingia ghalani kwa Mathias na kusimama juu ya mzani wa magunia.

Maana hivyo ndivyo walivyolelewa. Katika timu ile ya mkonge wachezaji walipimwa kwenye mzani wa marobota ya katani, kila mkesha wa mechi. Karani alisoma kilo zako kwa sauti ileile anayosomea robota, na ukizidi unakimbizwa katikati ya mistari ya mkonge mpaka miba yenyewe ikuonee huruma. Deogratius akakua akiamini kwamba mzani wa kweli ni wa chuma, unaopima mali. Ile ya kioo ya hospitalini aliiweka kundi moja na vioo vya kuchania nywele.

Basi mzani wa Mathias ulimpunguza taratibu, kilo kwa kilo. Kisha wiki ileile msimu wa kununua mahindi ulipofunguliwa, akashuka ghafla, kwa mkupuo mmoja, mpaka themanini na tano. Mathias alitangaza nje kwa sauti: “Themanini na tano, kavu kabisa!” Wakanywa kahawa. Jumatatu iliyofuata Deogratius akatundika raba ukutani, kwa sababu mtu akishafika anakimbilia wapi tena?

— Tisini na tatu, alirudia Isihaka. Ulivua viatu?

— Nilivua.

— Funguo za duka?

— Nilimpa nesi.

— Simu?

— Redio, ulitaka nipande uchi? Niliacha kila kitu mezani. Nilibaki na suruali na shati.

— Suruali hiyo? Chausiku alidakia, huku akimmiminia kahawa. Shemeji, hiyo suruali mbona kifungo kinaomba msaada?

— Imefuliwa, imerudi.

— Imerudi mbele tu, nyuma haikurudi?

Wakacheka. Deogratius hakucheka. Alikuwa na jambo kifuani ambalo hakulisema aliposhuka kwenye kosta, na sasa aliona bora alitoe, maana alichokuja kutafuta pale ni hukumu.

— Sikilizeni, msifanye mzaha. Yule binti kanipima presha, kasema iko juu. Juu kabisa. Kanipa vidonge nianze leo, nimeze kila siku. Nikamwambia, binti yangu, mzani wako mwongo, na kama mzani mwongo hata hicho kitambaa cha kufunga mkono ni cha uongo. Vidonge nikaviacha palepale mezani.

— Ukamwambia daktari mwongo? Jonathan alishtuka.

Jonathan ni wa Dindira, anateremsha kabichi na viazi kutoka milimani na kuvisambaza vijiji vya huku chini. Hata jua likiwa la kupasua mawe havui koti lake, ndiyo maana wanamwita Baridi.

— Sikumwambia yeye. Nilimwambia mzani. Sasa fikirini wenyewe: vidonge vya mtu wa kilo tisini na tatu, nivimeze mimi wa themanini na tano, si nitaanguka nife? Nataka mniambie. Hizo kilo nane zimetoka wapi?

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa nyuma ya migongo yao, upande wa pili wa ukuta, limefunikwa gunia tupu. Mathias alikohoa. Aliinua kikombe chake, akanywa funda dogo, akaangalia barabara.

— Kahawa iko tamu leo, alisema.

— Tamu, wakaitikia wote.

Isihaka ndiye aliyejitosa wa kwanza.

— Mzani wa hospitali unatumia umeme?

— Una namba nyekundu zinawakawaka.

— Basi nimeshaelewa. Winga, umeme wa Korogwe unajulikana. Siku nyingine mdogo, siku nyingine unakuja mkubwa mpaka taa zinapasuka. Umeme ukija mkubwa na namba zinakuja kubwa. Mimi kompresa yangu hapa ikipata umeme mkubwa inajaza tairi mpaka linakuwa kama mjamzito.

— Lakini aliyetangulia mbele yangu alikuwa mwembamba na ulisoma wembamba wake.

— Alipanda saa ngapi?

— Kabla yangu tu.

— Ndiyo! Umeme ukaja ulipopanda wewe. Una bahati mbaya tu.

Deogratius alilitafuna hilo. Lilikuwa na ladha, lakini halikushibisha.

— Mimi naona si umeme, alisema Jonathan, akilikaza koti. Ni mahali. Korogwe iko bondeni. Maji yote ya milimani yanateremkia kule, mawe yanaporomokea kule, hata kabichi zangu gari likizimwa injini linaelekea kule lenyewe. Kila kitu kinavutwa chini. Sasa mtu akisimama bondeni si anavutwa zaidi? Kule kwetu Dindira ukisimama asubuhi na ukungu, unajisikia kabisa huna uzito.

— Huna uzito kwa sababu ya njaa, alisema Chausiku.

— Dada, nazungumza sayansi.

— Kwa hiyo mimi nikipanda Dindira? Deogratius aliuliza, na matumaini yakamchanua usoni.

— Themanini. Hata sabini na nane, ukienda mpaka mashamba ya chai ya juu.

— Aise!

— Ila usiteremke.

Chausiku aligonga sahani ya kashata kwa kijiko. Ni mwanamke asiyependa kuona mtu mzima anadanganywa mpaka anashukuru.

— Shemeji, ngoja nikuulize mimi ninayeosha vikombe. Leo asubuhi ulikula wapi?

— Stendi.

— Nini?

— Supu.

— Na?

— Chapati.

— Ngapi?

— Chausiku, sasa unataka kusema nilikula chapati za kilo nane?

— Sijasema. Nasema tu tangu utundike zile raba, kashata zangu unazichukua mbili mbili, na ubao ule haukuwa unalia.

— Ubao umezeeka! Deogratius alifoka, mate yakaruka. Kila kitu hapa ni mimi? Suruali mimi, ubao mimi! Huyu mwanamke tangu lini amejua habari za mwili wa mwanamichezo?

— Mwacheni Winga, alisema Mathias.

Alisema kwa upole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Watu waligeuka. Mathias hakuwa mwongeaji. Golini alizoea kuona mambo yote kutoka nyuma na kupiga kelele mara moja tu. Aliweka kikombe chini, akajipangusa midomo.

— Mnakosea wote. Mzani wa hospitali si mbovu. Na wangu si mbovu. Yote miwili inasema kweli.

— Inawezekanaje?

— Hospitali wanampima mtu pamoja na ugonjwa wake. Ndiyo kazi yao. Mimi hapa napima mali safi, bila takataka. Presha ni nini? Ni damu imejaa, imebanana. Kitu kilichojaa ni kizito. Sasa mzani wao umesoma Winga themanini na tano, na presha kilo nane. Jumla tisini na tatu. Binti hakukosea, ila hakujua kutenganisha.

Isihaka alipiga paja.

— Lo! Presha kilo nane!

— Na jana ulikuwa na presha? Jonathan alimwuliza mgonjwa.

— Siijui. Huwa siisikii.

— Si ndiyo! Haisikiki, lakini inapimika!

Deogratius aliona mwanga. Kwa muda mfupi mzuri kila kitu kilikaa mahali pake: alikuwa bado mtu wa themanini na tano, rafiki yake alikuwa bado mtu wa haki, raba zilikuwa na haki ya kutundikwa ukutani, na hata yule binti hakuwa mwongo, alikuwa tu hajui kutenganisha. Alinyoosha kikombe aongezewe. Kichogo kilikuwa kinamgonga, dum, dum, kama kilivyokuwa kikimgonga wiki nzima. Hilo hakulisema.

— Kwa hiyo vidonge sihitaji, alisema. Nikitulia, ile nane itatoka yenyewe.

— Kwa jasho, alisema Isihaka.

— Au kwa kupiga chafya, alisema Jonathan. Kule kwetu kuna mzee alipiga chafya siku tatu, suruali ikamdondoka kanisani.

Hapo ndipo pikapu moja ya zamani, imebeba magunia chini ya turubai, ilipojisogeza pembeni na kuzimika kwa kukohoa. Dereva kijana alibaki kwenye usukani. Upande wa pili akashuka mama wa makamo ya juu, kitenge kiunoni, kandambili zimejaa vumbi la mbali.

— Shikamoo mama, wakasalimu kwa pamoja, na Mathias akasimama kabisa.

— Marahaba wanangu. Nimeelekezwa kwa mnunuzi wa mahindi.

— Umefika, mama. Mimi ndiye Mathias. Karibu kahawa kwanza. Chausiku, mpe mama kahawa, ya kwangu.

— Naitwa Rosina. Kwetu ni Kwamsisi, lakini shamba nalima huku kwa wakwe. Mwaka huu ndiyo mara yangu ya kwanza kuuza upande huu. Aliketi, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akawatazama usoni mmoja mmoja, akaendelea: Nimewakatiza. Mlikuwa kwenye mazungumzo makali, nimewasikia tangu kwenye kona.

— Ni huyu kaka, alisema Isihaka, aliyefurahi kupata msikilizaji mpya. Mchezaji mkubwa huyu, mama, zamani. Leo hospitali ya Korogwe imemkuta na kilo tisini na tatu, wakati yeye ni themanini na tano. Tumetafuta, tumegundua kilo nane ni presha.

Mama Rosina alinywa kahawa yake. Aliyafikiria maneno hayo kwa heshima, kama mgeni anavyoonja chakula asichokijua.

— Pole, mwanangu, alimwambia Deogratius. Presha si ya kuchezea. Sasa hiyo themanini na tano, ulipimwa wapi?

Chausiku alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikafurika mpaka mezani, hakuacha. Isihaka, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumzima, alizimika. Jonathan akainua macho kuitafuta milima yake ya Usambara huko mbali, akaikazia kana kwamba inaweza kuondoka.

— Mama, jua linakaza, alisema Mathias, na funguo zikalia mkononi. Tukashushe mzigo.

— Tutashusha, baba. Nimemwuliza tu huyu mwenzetu.

Aliuliza bila hila, na hilo ndilo lililomchoma Deogratius. Angekuwa ameuliza kwa kejeli angemrudishia kejeli; hasira alikuwa nazo za kutosha kijiji kizima. Lakini mama alitaka kujua tu. Akamtazama Mathias. Mathias naye akamtazama, jicho lilelile la golini, lile linalosema rudi ukabe. Walikula sahani moja wale. Walizika watu pamoja. Na kama atasema “nilipimwa zahanati fulani,” basi yameisha, mama atashusha magunia yake, birika la pili litakuja, na yeye atakwenda nyumbani na kilo zake themanini na tano na kichogo chake kinachogonga.

Akaikumbuka sura ya yule binti alipoambiwa mwongo. Alisema tu, “Sawa baba, vipo hapa ukivihitaji,” akavisogeza vidonge pembeni.

— Humo, alisema Deogratius.

— Humo wapi?

— Ndani ya ghala, mama. Juu ya mzani wa magunia.

Mama Rosina aligeuza shingo taratibu akautazama mlango wa ghala. Kisha akautazama mzigo wake chini ya turubai. Midomo yake ilicheza kidogo, mtu wa shamba akipiga hesabu zake za kimyakimya. Hakumlaumu mtu.

— Ahaa, alisema, akamgeukia dereva. Shukuru! Usifungue turubai, mwanangu. Tunakwenda Korogwe.

— Deo! Mathias alilipuka. Deo, mimi! Miaka yote niliyosimama golini nyuma yako!

— Ndiyo maana nakwambia, Mathias. Mpira ukivuka mstari umevuka. Hata kama refa ni shemeji yako.

— Mzani niliununua hivyohivyo!

— Ulipofungua msimu nilishuka kwa siku moja kuliko nilivyoshuka kwa miezi yote ya kukimbia. Tukasherehekea. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa napenda mzani ulivyosema. Ujinga ni wangu. Lakini mahindi ni ya huyu mama.

— Kahawa yangu umekunywa!

— Nimekunywa. Na kesho sitakunywa, basi.

Isihaka alikuwa amekunja vidole vya mkono mmoja, anavikunjua, anavikunja tena.

— Subirini, alisema polepole. Hii inapunguza kwa mtu tu, au hata kwa... Mimi mwezi uliopita nilileta hapa magunia yangu...

— Redio, nyamaza, alisema Mathias.

— Sinyamazi. Ninauliza. Glovu, ninauliza!

Deogratius hakungoja majibu yao. Alikwishasimama, na kusimama kwenyewe kulimlazimu ashike ukuta mpaka kizunguzungu kipite. Akaenda mpaka kwenye dirisha la pikapu.

— Kijana, nipeni lifti Korogwe. Kuna vidonge vyangu nimeviacha mezani kwa watu. Na kuna binti natakiwa kumwomba radhi kabla hajatoka kazini.

Shukuru alimpima kwa macho kutoka juu mpaka chini.

— Mzee, mbele tupo mimi na mama na mlango haufungi vizuri. Labda nyuma, juu ya magunia. Lakini springi zimechoka, sitaki zinivunjikie njiani. Una kilo ngapi?

Chausiku, kitambaa mkononi, aliacha kufuta meza.

— Tisini na tatu, alisema Deogratius.

Kijana akafikiri, akatikisa kichwa, akawasha gari.

— Panda. Ila kaa katikati.

Deogratius alizunguka nyuma, akashika bodi, akaweka mguu wa kushoto juu ya tairi, ule mguu waliotoka Handeni na baiskeli kuja kuuona, akajivuta. Akafika nusu. Akabaki ananing'inia, shati limepanda mgongoni, anapumua kama mvukuto wa mhunzi. Jonathan alivua koti lake, mara ya kwanza watu kumwona mabega, akaja mbio. Isihaka akaacha kumzongea Mathias, akaja upande wa pili, wakamwekea mabega chini ya makalio.

— Eti themanini na tano! Isihaka alihema, mishipa imemtoka shingoni. Sukuma, Jonathan! Sukuma!